Msitie Molasi Kwenye Maganda ya Uyoga

Wakulima wa uyoga wa oista hapa Kasese, Uganda, na wilaya jirani, acheni kutia sukari, molasi na unga wa mahindi kwenye maganda ya mbegu za pamba. Mifuko mnayooteshea uyoga inageuka kijani kwa ukungu kabla wiki ya 2 haijaisha, na nikiuliza kilichotiwa ndani najibiwa: "Tulitaka uyoga upate nguvu, afisa." Mbegu za uyoga mlizinunua, kuni mmeshachoma, na mfuko sasa ni wa kutupa.

Chakula cha uyoga kimo tayari ndani ya ganda. Ni selulosi, minyororo mirefu ya glukosi (aina ya sukari) iliyolala sambamba na kushikana hadi maji hayaiyeyushi. Uyoga hutoa vimeng'enya, yaani protini za kusaga chakula, nje ya nyuzi zake, navyo huikata selulosi pale pale ilipo, kisha nyuzi hufyonza sukari inayopatikana.

Kimoja cha vimeng'enya hivyo kinafahamika vizuri sana umbo lake. Kinatoka kwa kuvu iitwayo Trichoderma reesei, iliyopatikana Visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili ikila turubai za pamba za jeshi la Marekani. Mwaka 1994 wanasayansi wa Uppsala, Sweden, walitangaza umbo la sehemu yake ya kukatia. Kimeng'enya kizima kina sehemu ndogo ya kujishikiza kwenye selulosi, yenye asidi amino 36 (vipande vinavyojenga protini), halafu kiungo chembamba kinachopindika, halafu hiyo sehemu kubwa ya kukatia. Ndani yake mna handaki la kama nanometa 5 (nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita), linaloweza kubeba pingili zipatazo 10 za glukosi. Ncha ya mnyororo huingia humo kama uzi kwenye tundu la sindano, na upande wa pili pingili hukatwa mbili mbili. Kila mkato hutumia molekuli moja ya maji. Kikishakata hakiachii, huuvuta mnyororo mbele na kukata tena. Kimeng'enya kingine, chenye mfereji ulio wazi badala ya handaki, hukata mnyororo katikati na hivyo kufungua ncha mpya. Uyoga wa oista nao una vimeng'enya vya ukoo huo huo.

Sasa sikieni vizuri. Kutengeneza vimeng'enya hivi ni gharama kwa kuvu. Ikikuta sukari rahisi, hupunguza utengenezaji wake. Kwa hiyo ukimwaga molasi unauzuia uyoga kufanya kazi uliyoununulia mbegu. Wakati huo huo ukungu wa kijani, ambao ni wa jamii ya ile kuvu ya turubai, hukimbilia sukari na wanga na kuenea kuliko oista. Jirani hajakuroga, mama. Umeulisha wewe.

Vipimo ni hivi, na tumieni mizani, si kiganja. Kwa kilo 100 za maganda makavu, chokaa kilo 1. Pumba za mahindi, ukiona lazima, zisizidi kilo 5; anayeanza na anayepika kwa pipa asitie kabisa. Molasi, sukari na unga: sifuri.

Maji: loweka, chuja, kisha kamua konzi moja kwa nguvu. Yatoke matone 2 au 3. Yakitiririka, tandaza maganda kwenye turubai safi yachuje zaidi. Vimeng'enya vinahitaji maji, lakini yakijaza nafasi zote hewa inakosekana na nyuzi zinakufa.

Mvuke: saa 4, zikihesabiwa tangu mvuke unapotoka kwa nguvu kwenye mfuniko. Wako wanaohesabu tangu kiberiti kilipowashwa! Saa 2 za kwanza zinaishia kupasha pipa tu, na vijidudu vinabaki hai. Baada ya hapo acheni yapoe yakiwa yamefunikwa, usiku kucha, hadi yashuke chini ya nyuzi joto 30. Mbegu iwe kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za maganda yaliyolowa. Ukiipunguza, utando mweupe wa nyuzi za uyoga unachelewa na ukungu unapata nafasi.

Najua sukari inatiwa kwa haraka ya kuvuna. Lakini handaki lile linakata pingili mbili kwa mara moja, na selulosi ya ganda ni ngumu. Wiki 3 gizani, pengine 4 panapokuwa na baridi. Msitoboe mfuko kabla haujawa mweupe hadi kitakoni.

Mambo yakienda sawa, mfuko unakuwa mweupe, mgumu, wenye harufu nzuri ya uyoga.

Ukiona kijani, toa mfuko huo chumbani siku hiyo hiyo ukiwa bado umefungwa, ufukie mbali na banda, na unawe mikono kabla ya kugusa mingine. Na tafadhali, maganda hayo msiyachanganye tena na mapya ati yasipotee.