Kuzima NFS, Samba na rpcbind kwenye seva ya Linux isiyozihitaji

Seva ya tovuti au ya hifadhidata kwa kawaida haina sababu ya kugawa mafaili mtandaoni, lakini mara nyingi NFS na Samba (huduma za kugawa mafaili) na rpcbind (huduma inayowaelekeza wateja wa NFS kwenye poti sahihi) hukutwa zikifanya kazi humo kwa kuwa tu mtu aliziweka zamani, au ziliingia pamoja na kifurushi kingine. Mwaka 2017 kasoro ya Samba yenye namba CVE-2017-7494 ilimwezesha mtu mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda iliyogawiwa kupakia maktaba yake (faili la msimbo wa programu) na kuifanya seva iiendeshe. Seva ambayo Samba ilikuwa imezimwa haikuwa na mlango huo.

Hatua ya 1. Tazama huduma zinazosikiliza, yaani zinazosubiri maombi kwenye poti (milango ya mtandao yenye namba):

`sudo ss -tulpn`

Poti 111 ni ya rpcbind, 137 hadi 139 pamoja na 445 ni za Samba, na 2049 ni ya NFS. Kwenye mstari wa 2049 hutaona jina la programu, kwa sababu NFS huendeshwa na keneli (kiini cha Linux) yenyewe. Usiuruke mstari huo ukidhani hauna mwenyewe.

Hatua ya 2. Hakikisha hakuna anayezitegemea:

`sudo exportfs -v`
`sudo smbstatus`
`findmnt -t nfs,nfs4,cifs`

Hapa usiwe na haraka. Amri ya `smbstatus` huonyesha waliounganishwa wakati huo tu. Niliwahi kuizima Samba mchana baada ya kuona orodha tupu, kumbe mashine ya kuskani ya idara ya uhasibu ilikuwa ikituma nyaraka humo kila mwisho wa mwezi. Waulize watumiaji, kisha pitia `/etc/exports` na `/etc/samba/smb.conf`. Amri ya tatu ikionyesha kwamba seva yako inachukua mafaili kutoka seva nyingine kwa NFS toleo la 3, iache rpcbind, kwa kuwa inahitajika katika kuyafungia (lock) mafaili yanayotumika ili wengine wasiyabadilishe kwa wakati huo. Toleo la 4 haliihitaji.

Hatua ya 3. Zima zilizopo:

`sudo systemctl disable --now nfs-server smbd nmbd`

Kwenye RHEL (Red Hat Enterprise Linux) na jamaa zake, Samba huitwa `smb` na `nmb`.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi hukwama. Ukizima huduma ya rpcbind peke yake, systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) huendelea kuishikilia poti 111 kupitia soketi (kipokezi cha maombi), na ombi la kwanza likifika huiamsha rpcbind upya. Zima vyote viwili, kisha uvifungie:

`sudo systemctl disable --now rpcbind.socket rpcbind.service`
`sudo systemctl mask rpcbind.socket rpcbind.service`

Tafadhali usiipuuze poti hii: ikiwa wazi kwenye intaneti kwa UDP (njia ya kutuma data isiyothibitisha mtumaji), washambuliaji huitumia kuelekeza majibu makubwa kwa mtu mwingine kwa kughushi anwani yake.

Hatua ya 5. Iwashe seva upya kwa muda uliopangwa, rudia `ss`, kisha uipime kutoka kompyuta nyingine:

`nmap -p 111,139,445,2049 anwani-ya-seva`

Jibu la `closed` linamaanisha hakuna kinachosikiliza, ilhali `filtered` huonyesha tu kwamba kuna kizuizi njiani, na huduma huenda bado iko hai nyuma yake. Mwezi ukipita bila malalamiko, ondoa vifurushi kwa `sudo apt remove samba nfs-kernel-server`, amri ambayo huyaacha mafaili ya mipangilio mahali pake.