Mtoto akiugua huku delta: hesabu maji kabla hajazidiwa

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwenye delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti, katika vijiji visivyofikika kwa gari. Nawaandikia wazazi wenzangu wa huku, na nyinyi wadogo zetu na wanetu mlioko Mbagala na Temeke, maana mtoto akizidiwa usiku simu ya kwanza huja kwenu.

Mtoto wa Mbagala akichemka saa nane usiku, mama yake huita bajaji. Wa kwetu husubiri maji yajae. Malaria ni ileile, kuharisha ni kulekule. Utafiti wa taifa wa 2004/05 ulikuta watoto 112 katika kila 1,000 wanafariki kabla ya kutimiza miaka 5. Ule wa 2022 ulikuta 43. Nashukuru mno kwa hatua hiyo, ila huo ni wastani wa nchi nzima, na mtoto anayeishi nyuma ya hospitali amehesabiwa pamoja na huyu wa kisiwani. Sisi wa huku tunalazimika kuamua mapema, mtoto akiwa bado ana nguvu.

Uliza maji kwanza

Homa ikianza tu, muulize mvuvi yeyote maji yanajaa saa ngapi. Maji hujaa mara mbili kwa siku, huchukua saa sita hivi kujaa na sita kutoka, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Yakitoka, vijito vya mikokoni hubaki tope na boti haisogei. Ikiwa maji ya alasiri ndiyo ya mwisho kabla ya giza, basi uamuzi wako una mwisho wake hapo. Neno "tuone asubuhi" limetugharimu sana huku. Asubuhi inafika, mtoto amelegea, na kijito kimekauka.

Dalili zisizongoja

Hawezi kunyonya wala kunywa. Anatapika kila anachopewa. Amepata degedege. Amelegea, haamki vizuri ukimwita. Moja tu kati ya hizo inatosha, ondoka na maji ya kwanza. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, homa peke yake inatosha, na kukataa ziwa peke yake kunatosha.

Kukagua kifua kunahitaji utulivu. Mpakate mtoto akiwa ametulia au amelala, mpandishe nguo, tazama tumbo na kifua, uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Kuanzia mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Ukiona sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila akivuta hewa, usimalize hata kuhesabu.

Kuhusu degedege, najua bibi atasema mambo yake, na bibi ndiye mwenye sauti nyumbani. Usigombane naye, mama. Mwambie: "Bibi, twende wote, dua utaisoma botini." Nimeona hilo likiokoa muda kuliko hoja yoyote. Wakati mtoto anatikisika mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimmwagie maji.

Kabla boti haijaja

Kama anaharisha, anza ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, papo hapo. Soma pakiti imeandikwa maji kiasi gani. Nyingi ni za lita 1. Chupa nyingi za dukani ni za lita moja na nusu, ukimimina pakiti ya lita 1 humo umeizimua. Na hili ni la kwetu hasa: visima vingi vya huku vina chumvi, hasa kiangazi. Usikorogee ORS kwenye maji ya kisima cha chumvi, chumvi itamzidi mtoto. Tafuta maji ya mvua au maji matamu, yachemshe, yapoe. Mpe kijiko kimoja kimoja. Akitapika ngoja dakika 10, kisha endelea polepole. Wa chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Ukipewa zinki zahanati, ni siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Ziwa lisikatwe hata kidogo.

Mtoto mchanga mfunge kifuani ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, khanga juu. Upepo wa kusi ukiwa mkali, baridi ya botini inaweza kumdhuru kabla hujaiona gati ya Nyamisati.

Usafiri na pesa

Mtoto akiwa bado mchanga, au mama akiwa mjamzito au ametoka kujifungua, piga 115 bure. Ni mfumo wa m-mama, watakutafutia usafiri. Lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye malaria kali hakuwekwa kwenye mfumo huo. Hilo linaniuma, na kila mkutano wa kijiji nalisema, nawe lisemee kwenu. Kwa sasa petroli yake ni juu yetu. Kikoba chetu kina mfuko wa jamii. Tumekubaliana fedha ya boti itoke bila kikao, kwa sauti ya mwenyekiti na mtunza hazina tu. Kama kikoba chenu kinangoja siku ya hisa ndipo kitoe, badilisheni katiba yenu wiki hii.

Nyinyi wa mjini, mkipigiwa simu, tumeni kwanza ya petroli, maswali yafuate. Halafu mtafuteni bodaboda wa kumpokea mama gatini.

Zahanati na hospitali

Chukua kadi ya kliniki na pakiti za dawa zote alizokwisha kumeza. Nenda na mtu mzima mwingine mwenye afya, kwa sababu malaria kali humaliza damu ya mtoto na hospitali huomba ndugu wajitolee.

Zahanati wakiandika rufaa, usiinuke kabla hujauliza: "Amepewa dozi ya kwanza? Imeandikwa saa ngapi?" Mtoto wa mjini atafika wodini baada ya nusu saa, wako ana safari ndefu, kwa hiyo sindano au dawa ya kuanzia ni muhimu kwake mara mbili.

Huduma kwa mtoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali ni bure kwa sera ya nchi. Nimewahi kusimama na mama dirishani akiambiwa dawa hakuna, akanunue. Ikitokea, omba kwa adabu kumwona mganga mfawidhi. Kama hospitali, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ilipo. Kazi yao mojawapo ni kushughulikia misamaha ya wasio na uwezo. Kama dawa kweli imeisha, omba jina lake liandikwe vizuri, ulipige picha umtumie ndugu wa mjini. Kisha peleka taarifa kwa kamati ya zahanati, ina wawakilishi wa wananchi.

Mkirudi

Dozi ya dawa mseto ya malaria ni siku tatu, imalizeni hata kama anacheza. Muulize daktari tarehe ya kumrudisha na uilinganishe na maji ya siku hiyo kabla hujaondoka hospitali. Tazama pia kadi: surua-rubela ni miezi 9 na tena miezi 18, na dozi hii ya pili ndiyo wengi huku huisahau, maana mtoto ameshatembea na kliniki imeachwa. Akiwa na miezi 6 au zaidi, nitampima mkono kwa utepe wa rangi. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, na safari ya pili inaanza siku hiyohiyo.