Siku moja Marangu: kutoka Moshi hadi Mandara na kasoko ya Maundi

Safari ya siku moja Kilimanjaro haifiki kileleni. Unaanzia Geti la Marangu, lililo zaidi kidogo ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, unapita msituni hadi vibanda vya Mandara, mita 2,720, unachungulia kasoko (shimo la volkano) ya Maundi, kisha unarudi getini siku hiyohiyo. Ni kama kilomita 8 kupanda na 8 kushuka. Mchana mmoja unatosha, lakini hauna akiba: saa utakayoichezea asubuhi ndiyo itakayokukosesha Maundi.

Hatua ya 1: Maliza malipo kabla ya siku ya safari

Getini hakupokelewi fedha taslimu. Kampuni inayokuchukua ilipie ada mapema kwa namba ya malipo ya serikali, na wewe uombe kuiona risiti: tarehe, idadi ya watu, uraia. Viwango vya raia na vya wageni vimepishana sana, kwa hiyo Mtanzania abebe kitambulisho cha NIDA chenyewe. Ukikiacha nyumbani, mjadala wa uraia unafanyikia dirishani, na muda unakwenda.

Bei unayotajiwa iulizie kipengele kwa kipengele: gari na mafuta, ada za hifadhi, VAT ya asilimia 18, mwongozaji, chakula. Bei ya chini kupita kiasi mara nyingi imeacha ada nje, nawe utaidaiwa getini. Hakikisha pia kampuni ina leseni ya TALA, yaani ya biashara ya utalii, na mwongozaji ana kitambulisho cha KINAPA, Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Hapandi mtu bila mwongozaji aliyesajiliwa, hata mzaliwa wa Marangu.

Hatua ya 2: Funga begi

- Maji lita 3 kwa kila mtu, kwenye chupa ngumu za kujazwa. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima mwaka 2019.
- Koti la mvua la kweli. Yale ya nailoni nyembamba yanachanika kwenye tawi la kwanza.
- Sweta au flisi. Hewa hupoa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na Moshi iko chini ya mita 1,000. Ukiondoka mjini kwenye nyuzi 28, Mandara tegemea 17 hivi, na ukungu na jasho vikikutana utatetemeka.
- Viatu vyenye meno, ulivyokwisha kuvizoea. Raba za soli laini huteleza kwenye mizizi. Buti mpya huchubua visigino.
- Suruali nyepesi. Jinzi ikilowa haikauki huko.

Kata kucha za miguu usiku wa kuamkia safari. Wengi hulipuuza hili, na wakati wa kushuka vidole vinagonga ncha ya kiatu hadi kucha zinakuwa nyeusi.

Hatua ya 3: Ondoka mapema

Kutoka Moshi, toka saa 1 asubuhi, pita Himo, kata kushoto kwenda Marangu Mtoni, panda hadi getini. Kutoka Arusha kuna kilomita 80 zaidi, na vibao vya 50 ni vingi njiani. Toka saa 11 alfajiri au ulale Moshi. Uandikishaji getini unaweza kula saa nzima kukiwa na makundi makubwa. Lengo ni kuanza kutembea saa 3.

Hatua ya 4: Panda polepole

Hapa ndipo siku huharibika. Njia ya mwanzo ni pana na nzuri, watu wanakimbia, na kufika Kisambioni, katikati ya safari, kichwa kinagonga. Kwa urefu huo, sababu ya kawaida ni mwendo na kiu kuliko hewa nyembamba. Tembea kwa kasi unayoweza kuongea nayo bila kukatisha sentensi, kunywa mafunda machache kila dakika 15. Mtu akitapika au akiyumba, anashuka na mwongozaji papo hapo.

Ukienda taratibu pia utaona: mbega kwenye matawi, kima, na ua jekundu na njano la Impatiens kilimanjari, ambalo asili yake ni mlima huu tu.

Hatua ya 5: Mandara, kisha Maundi

Fika Mandara saa 6 mchana. Kula kidogo, kama yai, ndizi na chapati, kisha nenda Maundi mara moja. Ni dakika 15 hadi 20. Mawingu huongezeka mchana, na anga ikiwa wazi unaona vilele vya Kibo na Mawenzi na tambarare za upande wa Kenya. Januari na Februari anga huwa nzuri zaidi. Aprili ni matope.

Saa 8 ikifika, geuka, hata kama hukufika Maundi.

Hatua ya 6: Shuka

Kaza kamba za kiatu kwenye kifundo ili mguu usisogee mbele. Mwenye magoti mabovu akodi fimbo Moshi mjini kabla ya safari. Getini saini daftari la kutoka, la sivyo askari wa hifadhi watadhani bado uko juu. Bakshishi mpe mwongozaji mkononi mwake, hapo hapo getini.