Kompyuta mpya haiwaki? Anzia ukutani kabla hujanipigia simu

Wiki haipiti bila mtu kunipigia ati kompyuta nimenunua jana na leo imekufa. Mimi ni fundi, meza yangu iko hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na nakwambia hivi japo ni kujikata riziki mwenyewe: mashine ikikataa kuwaka siku ya kwanza mara nyingi haijafa, ni kitu hakijaingia sawasawa ama kimelegea njiani. Fikiria safari yenyewe, imetoka dukani Digo Road ikatiwa kwenye tuktuk, ikaruka matuta yote mpaka feri, ikavuka Likoni imebanwa baina ya magunia na mikokoteni, halafu ng'ambo ikamaliziwa na boda. Hata wewe ungefika viungo vimelegea.

Na nikisema mpya sisemi lazima iwe ya kufungua katoni. Wengi tunanunua zile eksi-UK, yaani zilizotumika Uingereza, desktopu ilofanya kazi ofisi ya watu miaka mitano, kwako ni mpya na ni sawa kabisa. Bora tu uulize kabla ya kutoa pesa kama inakubali Windows 11, sababu Windows 10 ilikatwa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka kuanzia prosesa ya Intel kizazi cha 8 kwenda mbele na chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0. Haya, hilo tuliwache.

Utaratibu wangu ni mmoja tu. Stima inatoka ukutani, inapita kwenye waya, inaingia kwenye mashine, halafu picha inatoka na waya mwengine mpaka kwa skrini. Ifuate njia hio hio bila kuruka, na ukibadilisha badilisha kitu kimoja, jaribu, ndio uguse chengine. Ukigusa vitatu kwa pamoja ikawaka hutajua kilichokuwa kibaya ni kipi, na kesho ikikataa tena unaanza moja.

Hatua ya 1: kabla hujachomeka chochote

Kama imetoka dukani kwenye AC kali na nyumbani kwako ni joto na unyevu wetu wa pwani, iwache itulie kama saa moja. Vile glasi ya maji baridi inavyotoka jasho, na kompyuta hutoka jasho vivyo hivyo, ila yake huioni kwa sababu iko ndani.

Ukingoja, igeuze nyuma uangalie pale waya wa stima unapoingia. Mashine nyengine hasa za zamani zina kiswichi kidogo chekundu kimeandikwa 115 na 230. Stima ya Kenya ni volti 240, kwa hivyo lazima kisome 230. Kikiwa 115, hio ni ya nchi kama Marekani, ukiwasha utaskia paa! na harufu ya kuungua, na hapo hakuna cha kutengeneza, pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa stima, imeenda na huenda imeondoka na vyengine. Usikiguze mashine ikiwa kwa stima. Kama yako haina kiswichi hicho usitie wasiwasi, nyingi za siku hizi zinajipima zenyewe.

Hatua ya 2: haitoi dalili yoyote, si taa si feni

Hapa ndipo penye kesi nyingi kwa hivyo twende polepole.

Chukua chaja ya simu uchomeke kwenye soketi hio hio. Simu ikikataa kuchaji tatizo si kompyuta, na usicheke, bi mkubwa mmoja wa Tudor aliniita nikafika na begi langu lote la vifaa, kumbe swichi ya ukutani ilizimwa na mjukuu. Nikamwambia bi mkubwa sichukui kitu, akanambia kaa basi mwanangu unywe chai, nikala na mahamri manne, nikarudi. Soketi ikiwa nzima chunguza ekstensheni, na vizuri zaidi iondoe kabisa uchomeke mashine ukutani moja kwa moja. Zile ekstensheni za bei ya kutupa chuma chake cha ndani ni chepesi, kinaachana, unaona taa nyekundu inawaka lakini tundu la tatu halitoi kitu.

Halafu nyuma ya mashine pale pale kuna swichi ya I na O. I ni imewashwa, O ni imezimwa. Ile O wengi wanaidhania ni ya “on”. La.

Sasa waya wenyewe. Usukume ndani mpaka uskie umekaa, kwa nguvu kidogo, kwa sababu mpya huwa mgumu na watu wanauogopa. Habari njema ni kwamba waya wa monita na wa sipiyu, yaani lile boksi la mashine, kwa kawaida ni wa aina moja, basi badilishana, ule wa monita utie kwa sipiyu. Ikiwaka ushapata mgonjwa wako ni nani. Na kabla ya kuutupa ule waya kumbuka plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, kuna aina unaing'oa kwa bisibisi bila hata kufungua plagi. Tia nyengine ya ampia zile zile zilizoandikwa, usitie waya wala karatasi ya sigara, nshaona nyumba imetoka moshi kwa ujanja huo.

Laptopu ina mambo yake. Mpya nyengine hutoka kiwandani betri yake imelazwa, haiamki mpaka uitie chaja kwanza, kwa hivyo usibonyeze bonyeze tu, chomeka chaja ungoje dakika kumi na tano. Na iwe chaja yake. Hizi za kichwa cha Type-C zinadanganya watu kwa sababu ya simu inaingia vizuri, lakini laptopu nyingi zataka wati 45 ama 65, na kichaja cha kawaida cha simu hakifiki huko. Ikikataa bado, chomoa chaja, finya kitufe cha kuwasha na ushikilie sekunde 30 bila kuwacha, rudisha chaja, jaribu tena. Hio inamaliza umeme uliobaki umeganda ndani, na inaamsha nyingi kuliko unavyofikiri.

Hatua ya 3: feni inazunguka, skrini nyeusi

Kwanza finya Caps Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima kila ukifinya basi mashine iko macho na tatizo liko upande wa picha tu. Taa isipobadilika ruka uende hatua ya 4.

Monita ikiandika “No signal” furahi, maana monita ni nzima, inakwambia sijaletewa kitu. Inaweza kuwa imeambiwa itazame tundu jengine, kwa hivyo finya kitufe chake cha chini uchague HDMI ama VGA kulingana na waya ulotia. Halafu angalia nyuma ya sipiyu. Kama mashine ina kadi ya picha utaona matundu ya skrini sehemu mbili, juu karibu na ya kibodi, na chini yamelala kwa upana. Ukiona hayo ya chini yapo, waya wako utie chini. Hili kosa la kutia juu nakutana nalo sana, hasa kwa vijana walionunua mashine za gemu, kadi imekula pesa yote na waya umechomekwa pengine.

VGA, ule wa bluu wenye skurubu mbili, uchomoe utazame meno. Yakiwa yamepinda yanyooshe na ncha ya kalamu, taratibu. Waya wa DisplayPort una kishikizo, usiuvute bila kukifinya.

Kwa laptopu jaribu kufinya Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, hio inaistua kadi ya picha ianze upya. Na mwangaza, ndugu yangu, ongeza mwangaza kwanza.

Hatua ya 4: kufungua (soma yote ndio ushike bisibisi)

Kama iko kwenye waranti na kuna stika ya muhuri kwenye skurubu, usifungue, irudishe dukani. Ukiibandua stika umejimaliza mwenyewe.

Haina stika? Chomoa waya wa stima kabisa, finya kitufe cha kuwasha mara moja mbili kumaliza umeme, fungua ubavu, na kabla hujagusa lolote gusa chuma cha bodi ya nje, mkono wako una umeme wa nguo ambao wewe huuskii lakini RAM inauskia. RAM ni zile bao nyembamba zimesimama wima karibu na feni kubwa. Fungua vishikizo, itoe, sugua yale meno ya dhahabu na raba ya penseli, raba nyeupe laini si ile ya wino, pangusa unga wake, irudishe mpaka uskie tak ya pande zote mbili. Kama ziko mbili tia moja kwanza uwashe. Hapa kwetu hewa ya chumvi inashika yale meno kidogo kidogo, ukiishi karibu na bahari kama Nyali ama Mji wa Kale utafanya kazi hii tena, izoee tu. Mashine inayopiga bip bip bila picha mara nyingi ni hapo hapo.

Ikiwa imewaka ikaandika kwamba haioni diski ya kuanzia, kabla hujalia chomoa flashi yoyote iliyobaki imechomekwa. Ikiendelea sukuma nyaya za diski pande zote mbili, tuktuk hio.

Hatua ya 5: imewaka, lakini

Paswadi inakataa. Mashine za Uingereza kibodi yake alama ya @ iko mahali kwengine, na Windows ikiwa imesetiwa kibodi ya Marekani ukifinya @ inatoka alama ya kunukuu, na wewe paswadi huioni ni vidoti tu, unaapa umeandika sawa. Andika kwanza kwenye kisanduku kinachoonyesha herufi, na ubadilishe kibodi kwa Windows na kitufe cha nafasi.

Kila wavuti unaambiwa si salama. Tazama saa na tarehe. Mashine iliyokaa stoo betri yake ndogo ya ndani inakufa, ile ya mviringo CR2032 volti 3, saa inarudi miaka nyuma, na vyeti vya wavuti havikubali. Weka saa za Nairobi, UTC+3, ikipotea tena kila ukizima nunua hio betri, ni bei rahisi.

Haioni waifai. Desktopu nyingi za ofisi hazina waifai kabisa, hazikuharibika, hazikuwekewa. Kuna kidude cha USB kinauzwa, na mpaka ukipate unga simu kwa waya wa USB uwashe kushea intaneti, kompyuta itaipokea kama waya wa kawaida, na hapo pia ndio unashushia draiva (programu za kuendesha vifaa vya mashine) zilizokosekana. Wenye nyumba za mawe ya matumbawe kule Mji wa Kale, ukuta wa vile unene waifai haipenyi, sogeza rauta ama utumie waifai ya 2.4 GHz badala ya 5 GHz.

Bando linayeyuka na mashine inajikokota. Siku ya kwanza ya pili Windows inashusha apdeti na kupanga mafaili yake, iwache. Kama unatumia bando la simu nenda kwenye mipangilio ya intaneti uwashe “Metered connection”, itapunguza sana kujishushia. Watu wananiletea mashine iko polepole na hata apdeti ya kwanza haijamaliza.

Spika hazitoi sauti: tundu la kijani, si la waridi.

Hatua ya 6: ikae

Stima ikipotea chomoa, usingoje irudi. Inaporudi inakuja kwa fujo, inapiga mara mbili tatu, na hapo ndipo pawasaplai nyingi zinapofia mikononi mwangu. Ikitulia dakika tano chomeka. Usiisukume mpaka ukutani, iwache pumzi nyuma, hasa Januari mpaka Machi. Na zile nafasi tupu za nyuma ambazo vibati vyake vimepotea zizibe, sababu mjusi kafiri anapenda joto la pawasaplai, anaingia usiku, analala juu ya bodi, na asubuhi ukiwasha wanakufa wote wawili, yeye na mashine. Nshawatoa wengi, wamekauka kama dagaa.

Umefika hapa na bado? Sawa, ilete. Piga picha ya maneno yoyote yaliyotokea kwenye skrini, niandikie ulifanya nini na kwa mpangilio gani. Na uje na waya wake, tafadhali, usiniletee sipiyu peke yake, kwa sababu nikichomeka waya wangu mara nyingi inawaka pale pale mezani na wewe utasema fundi nimechezewa.