Jinsi ya Kusoma na Kuandika Kirotuma bila Kupoteza Irabu

Kirotuma ni lugha ya kisiwa kidogo cha Rotuma, kaskazini mwa visiwa vikuu vya Fiji, na huandikwa kwa herufi za Kilatini. Mzoefu wa Kiswahili ana bahati, kwa kuwa a, e, i, o na u hutamkwa karibu kama zetu. Anza na alama tatu zinazopotosha: g ni ng' ya ng'ombe, j ni ch ya chai, na ʻ ni konsonanti kamili, yaani ule mkato wa kooni tunaousikia tunapokataa jambo kwa kusema "a-a". Kwa hiyo katika salamu noaʻia sauti hukatwa kabla ya i, na anayeiacha alama hiyo ameacha herufi, si pambo.

Kazi kubwa iko mwishoni mwa neno. Maneno mengi yana umbo refu na umbo fupi. Jifunze refu kwanza, maana fupi hutokana nalo. Pengine irabu ya mwisho hudondoka tu, kama tokiri (kubingirika) inavyokuwa tokir. Pengine hubadilishana nafasi na konsonanti iliyoitangulia: hosa (ua la mmea) huwa hoas, na pure (kuamua) huwa puer. Namna ya tatu ndiyo inayodai nukta. Katika mose (kulala), e hurudi nyuma ikaungana na o, tukapata mös: ulimi unatamka e huku midomo imeviringwa kama ya o. Futi (kuvuta) vivyo hivyo huwa füt. Ukiandika "fut", umeifuta i, na msomaji hana pa kuitafuta.

Usidhani ufupisho huu ni uvivu wa wasemaji. C. Maxwell Churchward, mmisionari wa Kimethodisti ambaye sarufi na kamusi yake ilichapishwa mwaka 1940, alionyesha kuwa famori ʻea humaanisha kwamba watu wale wanaojulikana wanasema, ilhali famör ʻea ni baadhi ya watu tu.

Katika daftari lako, andika maumbo yote mawili ya kila neno bega kwa bega. Unapopiga chapa, usichanganye ạ na ä, kwa sababu ya kwanza huelekea o na ya pili huelekea e. Kisha soma maumbo mafupi pekee, ukijaribu kurudisha marefu. Pale unapokwama, kagua nukta kwanza.