Mifugo imekufa ghafla: jinsi ya kuomba uchunguzi wa maabara

Mbuzi wangu sita walikufa ndani ya siku nne, na hadi leo sijui kilichowaua, kwa sababu nilipeleka maabara sampuli zisizopimika.

Kwanza mtazame mzoga kabla ya kuugusa. Ukiona mnyama kafa ghafla, kavimba haraka, na damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani au nyuma, usimpasue wala kumchuna. Huenda ni kimeta. Mzoga ukifunguliwa, vimelea hugeuka mbegu zinazodumu ardhini miaka mingi, na ugonjwa huo huua watu. Daktari atachukua damu kidogo tu, kwa kawaida sikioni.

Mwambie afisa mifugo wa kijiji au kata siku hiyohiyo, naye atamjulisha daktari wa mifugo wa halmashauri. Magonjwa kama sotoka ya mbuzi na kondoo na homa ya mapafu ni ya kutolewa taarifa kisheria.

Sasa sampuli, ndiko nilikoumia. Aliyenipasulia mbuzi alitumbukiza ini, wengu na mapafu kwenye mtungi mmoja wa formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Nikasafiri kwa basi kwa muda wa saa tano. Mapokezi nikaambiwa kwamba formalini huua bakteria, hawawezi kuwaotesha ili wawatambue. Niliporudi, mizoga yote ilikuwa imeshazikwa.

Kwa hiyo kila kiungo kitoe vipande viwili. Kimoja, chembamba kisichozidi sentimita moja, kiingie kwenye formalini ya asilimia 10, iliyo mara kumi ya ujazo wa nyama. Cha pili kikae kwenye chombo chake safi, ndani ya boksi la barafu, kibaridi bila kugandishwa. Utumbo usichanganywe na kitu kingine. Mzoga ulioshinda juani hautakupa jibu la maana. Mnyama mgonjwa aliye hai ni bora zaidi, mradi achukuliwe damu kabla ya kuchomwa dawa yoyote.

Wenye mabwawa na vizimba, msipeleke samaki wanaoelea wameoza. Pelekeni walio dhaifu lakini hai, na maji ya bwawa kwenye chupa safi ya peke yake. Mkiwaona wanahema juu ya maji alfajiri kisha wanatulia mchana, semeni hivyo: oksijeni hushuka kabla ya jua kuchomoza.

Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) ina makao yake Temeke, na vituo Arusha, Mwanza, Iringa na kwingineko. Piga simu kabla ya safari, na usisafirishe sampuli Ijumaa jioni. Kwenye fomu, jaza kwa makini historia: walikuwapo wangapi, wameugua wangapi, chanjo, dawa na chakula kipya. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali. Kabla ya kuondoka, uliza kama kila sampuli imekubaliwa.

Juzi mbuzi wa saba alianza kukohoa. Damu yake ilichukuliwa kabla ya sindano yoyote, na jana asubuhi imefika maabara ikiwa baridi.