Somo: Namna ya kuufanya uwanja wa gofu umvutie anayecheza mara mojamoja

Wakuu habari zenu. Somo hili ni la wale mnaosimamia viwanja au mko kwenye kamati, maana naona uwanja unamwaga hela kwenye jengo la klabu, viti vipya, mapazia mapya, halafu mtu anayecheza mara tatu kwa mwaka anakuja siku moja harudi tena. Huyo hajakimbia viti, amekimbia uwanja wenyewe, na hapo ndo pa kuanzia.

Hatua ya 1. Sogezeni tii (sehemu ya kupigia mpira wa kwanza wa kila shimo) mbele. Hii ndo kubwa kuliko zote. Mtu ambaye kwa dreva, ile fimbo ya kupigia mbali, mpira wake unaenda yadi 200, ukimpeleka uwanja wa yadi 6,500 unamtesa tu, kila shimo anapiga mikwaju mirefu mfululizo na griini (nyasi laini zenye shimo lenyewe) haifiki. Mwaka 2011 PGA ya Marekani (chama cha wataalamu wa gofu) na USGA (chama cha gofu cha huko huko) walianzisha kampeni ya Tee It Forward, na kwa mwongozo wake mtu wa yadi 200 anafaa uwanja wa yadi 5,200 hadi 5,400 hivi. Hamhitaji ujenzi, tafuteni sehemu tambarare mwanzoni mwa fawei (njia ya nyasi fupi ya kwenda griini), nyasi zikatwe fupi, wekeni alama mbili, kazi imeisha. Ila msiziite tii za akina mama! Zipeni rangi au namba, maana wanaume wengi wanaozihitaji wanaona aibu kusimama pale kwa sababu ya jina tu.

Hatua ya 2. Kateni rafu, zile nyasi ndefu za pembeni ya fawei. Juzi nilicheza na mgeni mmoja, mpira wake ukatoka hatua nne tu nje ya fawei, tukautafuta watu wanne, yeye anapapasa nyasi kwa kiatu, anainama anazipanua kwa mikono, hatukuuona. Akatoa mwingine mfukoni kimya kimya, na uso ulishabadilika. Sheria za gofu za 2019 zimepunguza muda wa kutafuta kutoka dakika 5 hadi 3, sasa nyasi zikifika kwenye kifundo cha mguu dakika 3 zinatosha nini? Anzeni upande wa kulia wa fawei, kwa sababu wengi wanaotumia mkono wa kulia na hawajazoea mpira unawakatikia huko.

Hatua ya 3. Uzeni raundi fupi, 9 au hata 6, na bei iendane. Mtu mwenye familia hana masaa manne na zaidi ya kukaa uwanjani. Pinehurst ya Marekani, ambao uwanja wao namba 2 umeshaandaa mashindano makubwa ya US Open, walifungua uwanja mfupi wa The Cradle mwaka 2017, mashimo 9 yenye jumla ya yadi 789 tu. Kama wao hawakuona ni kujishusha, sisi tunaogopa nini.

Hatua ya 4. Madogo madogo: wikendi shimo likae katikati ya griini mbali na banka (mashimo ya mchanga), fimbo za kukodi ziwepo, na masharti ya kuvaa shati la kola yalegezwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, wazee wa klabu si watasema uwanja umekuwa laini?
Jibu: Tii za nyuma hazijaguswa, anayetaka ugumu arudi huko. Na wao pia wakipoteza mpira wanaumia, waulize.

Swali: Wageni wanachelewesha sana, wenye hendikapu (kipimo rasmi cha uwezo wa mchezaji) wanalalamika.
Jibu: Waambieni kabla hawajaanza kwamba aliye tayari apige, wasisubiriane. Pia wekeni kikomo, mfano ukifikisha mara mbili ya par (idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo) unaokota mpira unaenda shimo linalofuata. Sheria za 2019 zina mfumo wa alama za kikomo kabisa, kwa hiyo sio uhuni.

Swali: Sisi eneo la uwanja mfupi hatuna kabisa.
Jibu: Jioni watu wakipungua chukueni mashimo matatu yaliyo karibu na klabu, wekeni alama kwenye fawei yadi kama 100 kutoka griini, mtu apige kwa fimbo mbili na pata, ile fimbo ya kusukumia mpira kwenye griini. Asubuhi mnaziondoa.

Swali: Kamati imenikubalia kitu kimoja tu mwaka huu, nichague kipi?
Jibu: Tii za mbele ndugu yangu. Ukipata nafasi ya kuongea na mkata nyasi, mnong'oneze na ile rafu ya kulia.